Faili la Waliopona

1

Daktari Gwantwa Mwasumbi alimsikia Lugano kabla hajamwona. Alikuwa ameinamia meza katika chumba cha uchunguzi, akisoma taarifa ya mtoto mwingine, sauti ilipoanza kuja koridoni: sauti nyembamba ya hewa inayolazimishwa kupita mahali padogo, kama mtu anayefyonza uji mzito kwa mrija. Aliizoea mno. Watoto wote wachanga walioletwa Kituo cha Pumzi pale Tukuyu walikuja na sauti hiyo, na kwa kawaida asingeinua hata uso. Kilichomfanya ainue uso ni kishindo cha viatu vilivyokuja pamoja nayo. Watoto wachanga hawatembei.

Mlangoni alisimama msichana wa miaka tisa, sweta la shule limelowa mvua mabegani. Nyuma yake alikuwepo mama yake, Tusekile, ameshika mwavuli uliokunjika vijiti.

"Shikamoo, daktari," alisema mtoto, kisha akanyamaza kidogo kupata hewa ya kuendelea. "Mama anasema wewe ndiye uliyenipasua."

"Marahaba, Lugano. Ni mimi. Keti."

"Kule zahanati wametuambia ni pumu," alisema Tusekile. "Miezi mitatu anavuta dawa, haimsaidii. Nikasema nimlete kwa mwenyewe. Ni pumu, daktari?"

Gwantwa alimsogelea mtoto. Aliweka kiganja shingoni mwa mtoto, chini kidogo ya koo, akahisi mtetemo mdogo chini ya ngozi kila Lugano alipovuta pumzi.

Lugano ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alizaliwa na bomba la hewa jembamba kama mrija wa kalamu. Bomba la hewa la mtu mzima wa afya limezungukwa na pete za gegedu zilizo wazi kwa nyuma, mfano wa kwato la punda, na huo uwazi ndio unaoliachia litanuke na kukua. Pete za Lugano zilikuwa zimefunga duara zima. Kwa hali ile asingefika miezi sita. Zamani watoto wa namna hiyo walikatwa na kushonwa kwa mkono, kazi ya siku nzima, na madaktari waliojua kuifanya walihesabika. Kisha kikaja kitalu cha seli. Walichota seli chache puani mwa Lugano, wakasahihisha lile kosa la kuzaliwa ndani ya seli zenyewe, wakazipanda juu ya kiunzi cha nyuzi laini na kuziacha kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu. Baada ya wiki sita kukawa na bomba zima, jeupe, lenye pete zilizo wazi kwa nyuma. Mkono wa chuma wa chumba cha upasuaji ulitoa bomba bovu na kushona lile jipya kwa dakika arobaini. Gwantwa alisimama pembeni akiuelekeza.

Tangu siku ile walikuwa wamepandikiza watoto arobaini, yeye akiwemo. Kila mmoja alivalishwa kifuani kidude cha kusikiliza pumzi, kikavuliwa baada ya miaka miwili ili kivalishwe mwingine. Siku hiyo hiyo kompyuta ya kituo, waliyoiita Msajili, iliandika neno AMEPONA na kufunga faili. Hakuna hata faili moja lililofungwa kwa neno jingine. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kuona rekodi hiyo.

"Nitakuwekea dawa ya ganzi kooni," Gwantwa alimwambia Lugano, "halafu nitapitisha kamera, nyembamba kama uzi wa kufumia. Ukitaka nisimame, pandisha mkono."

Lugano hakupandisha mkono. Alishika mkono wa mama yake na kukodolea macho dari. Kwenye kioo, Gwantwa aliona kamera ikishuka, ikavuka nyuzi za sauti, ikaingia ndani ya bomba alilolipandikiza mwenyewe miaka tisa nyuma. Aliizungusha kutazama nyuma, mahali palipotakiwa kuwa na utando laini unaocheza na pumzi.

Hapakuwa na utando. Palikuwa na gegedu, jeupe na gumu, pete baada ya pete. Zote zilikuwa zimefunga.

"Si pumu," alimwambia Tusekile baadaye, na siku ile hakusema zaidi ya hapo. "Mwache alale hapa wodini. Nataka kuangalia vitu fulani."

2

Kwa siku nne aliwatafuta waliofuatia katika orodha. Watatu waliletwa. Wa pili katika orodha, mvulana kutoka Rungwe, alikuwa tayari hawezi kulala chali. Wa nne alikuwa anacheza mpira bila shida yoyote, lakini kamera ilionyesha pete zake zimebakiza uwazi mdogo tu, wa kupitisha sindano. Watatu wote walikuwa njia moja.

Wa tatu katika orodha aliitwa Ipyana. Gwantwa alipopiga simu, sauti ya mwanamume ilimwambia kwamba Ipyana alifariki mwaka uliopita, na cheti kimeandikwa homa ya mapafu.

Alikwenda ofisini kwa Daktari Ambilikile, mkuu wa kituo, akamwekea picha nne mezani na kumweleza habari za Ipyana. Ambilikile alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye mazoea ya kuvua miwani kabla ya kusema jambo zito. Aliivua.

"Seli zimekumbuka," alisema.

"Usahihisho unachuja, mzee. Taratibu, mtoto anavyokua. Miaka miwili hauonekani. Sita, saba, ndiyo unaanza. Sisi tulifunga mafaili mapema."

"Umeshawaambia wazazi?"

"Bado. Nimeanza kwako."

Ambilikile aliinuka, akaenda dirishani. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la kitalu. "Kabla ya hizi chupa, wewe na mimi tulizika watoto wangapi?"

"Wengi."

"Wa miezi mingapi?"

"Mitatu. Minne."

"Huyo Ipyana aliishi miaka minane. Alikwenda shule. Alijua kuandika jina lake. Hayo nayo ni matokeo, Gwantwa."

"Lakini hatukuyaandika hayo, mzee. Tuliandika amepona."

Alimgeukia. Hakuwa na hasira, na Gwantwa aliona afadhali angekuwa nayo. "Nipe miezi sita. Vijana wa kitalu watapata usahihisho usiochuja. Tukisema leo, kesho wazazi watakimbia na watoto wao, na wale wachanga watafia majumbani kwa kutuogopa sisi. Unalitaka hilo?"

"Na Atuganile?"

Atuganile alikuwa wodini, kitanda cha pili kutoka mlangoni: msichana wa miezi minne, midomo ya bluu, mashine ikimsukumia hewa. Bomba lake lilikuwa limeiva kitaluni. Alipangiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

"Apandikizwe kama tulivyopanga. Afike miaka minane, tutakuwa tumeshapata dawa."

"Na tusipoipata?"

Ambilikile alivaa miwani yake. "Hakuna mzazi atakayeambiwa kitu kabla ya idhini yangu," alisema. "Hiyo ni amri, na nitaiandika."

3

Jumamosi Gwantwa aliendesha gari hadi Kyela. Baba yake Ipyana, Mwalimu Anyandwile, alikuwa anaanika kakao uani, akizigeuza mbegu kwa reki ya mbao. Alimkaribisha kiti, akaagiza chai, akauliza habari za safari na za mvua ya huko juu. Mkewe alikuja, akasalimia, akarudi ndani na hakutoka tena.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza alivyokuwa," alisema Gwantwa. "Ile miezi ya mwisho."

Anyandwile aliweka reki chini. "Alikuwa mvivu," alisema. "Ndivyo nilivyodhani. Shule iko kilomita mbili. Wenzake wanafika, yeye haonekani. Namkuta amekaa njiani juu ya begi. Namuuliza, Ipyana, una nini? Anasema, baba, nimechoka. Mtoto wa miaka minane amechoka na nini?"

Anyandwile aliokota mbegu iliyodondoka, akairudisha mkekani.

"Nikadhani anajidekeza, kwa vile mama yake alimlea kama yai kwa sababu ya ule upasuaji. Nikamwambia mama yake, huyu hana ugonjwa, daktari mwenyewe alituandikia amepona. Karatasi ninayo ndani, nimeiwekea fremu." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Nilimchapa, daktari. Mara tatu nilimchapa kwa kuchelewa. Ya tatu ilikuwa Jumatatu. Ijumaa akafa."

Chai ililetwa. Hakuna aliyeigusa.

"Sasa nieleze wewe," alisema Anyandwile. "Maana hukutoka Tukuyu kuja kunywa chai. Ilikuwa homa ya mapafu?"

Gwantwa aliikumbuka amri, na sahihi iliyokuwa chini yake. Akamwangalia yule baba, mikono yake yenye vumbi la kakao imelala magotini.

"Hapana, mwalimu. Ilikuwa bomba lenyewe. Lilikuwa linajifunga. Hakuwa mvivu."

 Kuku walikuja kwenye mkeka wa kakao wakaanza kuparua, Anyandwile hakuwafukuza.

"Mngetuambia kwamba hamjui litadumu mpaka lini," alisema hatimaye, "ningembeba. Kilomita mbili ni nini? Ningembeba mgongoni kila siku."

4

Wazazi wa Atuganile walikuwa Bupe na Asajile, wakulima wa mpunga, wote chini ya miaka thelathini. Jumatatu asubuhi Gwantwa aliwaita katika chumba kidogo kando ya wodi, akafunga mlango, akawaeleza yote: pete zilizofunga, Lugano aliyelazwa vitanda vitatu kutoka kwa mtoto wao, Ipyana, karatasi yenye fremu. Hakuruka kitu.

Asajile ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo bomba lipo, lakini ni la miaka minane."

"Saba, minane. Tisa kwa mwenye bahati. Baada ya hapo tunaweza kuotesha jingine, ila kitalu wanasema seli za mtoto mkubwa zinausahau usahihisho upesi zaidi. La pili huenda likafunga kwa miaka mitatu."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo ya zamani." Alichukua karatasi, akaiviringisha iwe mrija mwembamba, akaikata katikati kwa mkasi. "Hili ni bomba lake mwenyewe. Tunalikata hapa. Kipande cha juu tunakipasua kwa nyuma, cha chini kwa mbele." Alipasua vipande vyote viwili kwa ncha ya mkasi, kisha akavitelezesha kimoja juu ya kingine mpaka vikalaliana. "Halafu tunashona kuzunguka. Linakuwa fupi, lakini upana unakuwa mara mbili. Na linakua naye. Likishika, limeshika mpaka anazeeka."

"Mkono wa chuma unaijua kazi hii?" aliuliza Bupe. 

"Hapana. Haukufundishwa. Ni mkono wangu."

"Umeshafanya mangapi?"

Swali hilo Gwantwa alikuwa amelisubiri, na bado lilimkuta vibaya. "Nimesaidia mengi. Niliyoshona mwenyewe ni matatu. Miaka kumi na sita iliyopita."

"Hao watoto wako wapi?"

"Wawili wazima. Mmoja yuko sekondari Mbozi. Wa tatu alinifia mezani."

Asajile alipiga goti lake kwa kiganja. "Basi hapo kuna mazungumzo gani? Miaka minane ni mingi, Bupe. Mambo yanabadilika. Miaka minane iliyopita hata umeme wa kijijini hatukuwa nao. Leo tunamtia mtoto kwenye kisu cha mtu aliyesahau?"

"Hajasema amesahau."

"Miaka kumi na sita!"

Walitoka kwenda kuzungumza barazani. Gwantwa aliwaona kupitia kioo: Asajile akinyoosha mikono, Bupe amekunja yake, mvua ikiwarushia manyunyu miguuni. Ilichukua karibu saa nzima. Waliporudi, macho ya Asajile yalikuwa mekundu.

"Daktari," alisema Bupe, "mimi nikikubali lile la kitalu, nitakuwa kila siku namwekea sikio kifuani. Akichelewa kuamka, nitakufa kwanza mimi. Akifika miaka sita nitaanza kumzika. Siwezi kumlea mtoto huku namzika. Tufanye la zamani."

"Baba yake?"

"Namwachia yeye," alisema Asajile kwa sauti ndogo. "Ndiye anayekesha naye. Ila mimi nilitaka lile jingine. Liandikwe hilo."

Gwantwa aliliandika. Kisha Asajile akaweka kidole gumba chake kwenye kioo cha idhini, na Bupe akaweka chake.

Mchana ule ule Ambilikile alijua. Hakumpigia kelele. Alimwambia tu kwamba barua ya kumsimamisha kazi inaandaliwa, itakuwa tayari baada ya wiki mbili hivi, na mpaka hapo bado ni daktari wa zamu.

5

Alhamisi, saa mbili asubuhi, mkono wa chuma ulikuwa umekunjwa pembeni ya chumba cha upasuaji na kufunikwa shuka. Nyuzi za kushonea Gwantwa alikuwa ameziazima wodi ya macho, maana kituo chenyewe hakikuwa tena na nyuzi nyembamba za mkono. Alikuwa amefanya mazoezi jioni tatu mfululizo kwenye makoromeo ya mbuzi kutoka machinjioni. La kwanza alilichana. La saba lilikaa vizuri.

Sista Lwitiko alikuwa ameshika kamera. Mlango ulifunguka, Ambilikile akaingia, ameshanawa, amevaa.

"Lwitiko hajawahi kuiona kazi hii," alisema. "Niachie mimi hiyo kamera."

Gwantwa alimtazama.

"Barua iko palepale," alisema Ambilikile. "Lakini mtoto yuko hapa. Anza."

Waliiachia mashine ya moyo na mapafu izungushe damu ya Atuganile. Kifua kilipofunguliwa, bomba la hewa lilionekana nyuma ya mshipa mkubwa: jembamba kabisa, gumu. Gwantwa alipima mara tatu kabla ya kukata. Alipasua cha juu kwa nyuma, cha chini kwa mbele, akavivuta vikakutana, akaanza kushona. Ambilikile alikuwa ndani na kamera, akimwambia bila kupandisha sauti: "Kushoto umeacha pengo. Rudi. Hapo. Hapo sawa." Ilichukua saa sita. Walipoyarudishia mapafu hewa, yalipanda yote mawili kwa pamoja, na kwenye kioo bomba lilionekana pana, la waridi, limezungukwa na mshono mmoja mrefu unaopinda.

"Nilikuwa nimesahau linavyopendeza," alisema Ambilikile. Alivua miwani yake yenye ukungu, akatoka bila kuaga.

Siku ya nne walimtoa Atuganile kwenye mashine. Bupe alikuwa koridoni anakunywa chai pamoja na Tusekile, mama yake Lugano, wakati kilio kikubwa kilipotoka wodini, kilio kilichojaa, cha mtoto aliyekasirika.

"Nani huyo analia?" aliuliza Bupe.

Tusekile alimtazama kwa mshangao. "Si mwanao?"

Bupe aliweka kikombe sakafuni. Tangu mtoto azaliwe alikuwa hajawahi kumsikia akilia kwa sauti. Hakuwa na hewa ya kulilia. Alikimbia kuingia, na siku tatu zilizofuata hakumtoa mikononi.

Siku ya saba, saa tano asubuhi, Atuganile aliamka na njaa. Maziwa yalikuwa yanapashwa. Alilia, akajipinda mgongo jinsi watoto wanavyofanya wakiwa na hasira, akatupa kichwa nyuma kabisa, na kilio kikakatika katikati. Shingo ilianza kuvimba mbele ya macho ya mama yake, hewa ikijaa chini ya ngozi. Mshono ulikuwa umeachia.

Gwantwa alifika kwa mbio. Alijaribu dakika hamsini. Ambilikile alikuja, naye akajaribu. Saa sita na nusu waliacha.

6

Gwantwa aliomba ruhusa ya kuangalia ndani ya bomba, na Bupe alikubali kwa kutikisa kichwa tu. Jibu lilikuwa mwanya mmoja wa mshono, kwa mbele, urefu wa ukucha. Alipoliona alikumbuka jambo. Yule mpasuaji mzee aliyemfundisha alikuwa na desturi, akimaliza kazi, kupitisha uzi mmoja mnene kutoka ngozi ya kidevu hadi ngozi ya kifua, ili mgonjwa asiweze kuinua uso kwa siku kumi. Wanafunzi walimcheka kwa hilo, wakasema anawafunga watoto kama vifurushi.

Alimkuta Bupe ameketi kwenye kitanda kitupu, nguo za mtoto zimekunjwa kando yake. Asajile alikuwa ametoka kutafuta gari. Gwantwa alipiga magoti mbele yake ili wasizungumze mmoja amesimama.

"Mshono uliachia alipotupa kichwa nyuma," alisema. "Kulikuwa na uzi wa kumzuia. Unashonwa hapa na hapa. Sikuuweka."

"Hukuujua?"

"Niliujua zamani. Niliusahau."

Bupe alimtazama, na kwa muda uso wake haukuwa na kitu.

"Ungeninyamazia," alisema, "leo ningekuwa naye."

"Ndiyo."

"Angetembea. Angesema mama."

"Ndiyo, Bupe."

"Usinilie hapa."

Gwantwa alijifuta uso kwa mkono wa koti.

Bupe alichukua kofia ndogo ya sufu, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Wale wengine ni wangapi?"

"Walio hai ni thelathini na tisa. Mmoja ni huyu hapa wodini."

"Kawaambie. Wote. Waambie na hilo la uzi." Alisimama, akaanza kutia nguo kwenye mfuko. "Lakini usiende kuwaambia kwamba mama yake Atuganile alikushukuru. Watu hupenda kusema hivyo. Sikukushukuru."

"Sitasema."

Asajile alirudi. Walitoka pamoja, yeye amebeba mtoto, mke amebeba mfuko. Hakuna aliyegeuka.

Alasiri Gwantwa alikaa na Tusekile kwenye benchi nje ya wodi. Mvua ilikuwa imepumzika. Alimweleza kuhusu pete, kuhusu Ipyana, kuhusu njia mbili zilizokuwepo, na Atuganile alivyokufa. Alimweleza kuhusu uzi wa kidevu na nani aliyeusahau. Alimweleza pia kuhusu barua: kwamba alikuwa na siku tano za kuwa daktari pale, na baada ya hapo hakujua.

Tusekile alisikiliza huku akinyoosha vijiti vya mwavuli wake kimoja kimoja.

"Na yule mama," aliuliza, "amesemaje?"

"Amesema angekuwa na mtoto wake kama ningenyamaza. Ni kweli. Hakunishukuru."

Tusekile alikiacha kijiti. "Walioniambia pumu walikuwa wanatabasamu," alisema. "Na wewe mwenyewe, siku ile ya kumvua Lugano kile kidude, ulitabasamu ukaniambia nimsahau ugonjwa. Nikausahau." Alivuta pumzi. "Leo ndiyo mara ya kwanza unanieleza kitu kibaya juu yako. Mpange, daktari. Lile la kukata. Kabla hizo siku tano hazijaisha."

Lugano alipasuliwa Jumanne. Ambilikile alishika kamera bila kuombwa. Bomba la mtoto mkubwa lilikuwa gumu zaidi, lakini lilikuwa na nafasi ya sindano kugeuka, na walipomaliza Gwantwa alipitisha uzi mnene kutoka kidevuni hadi kifuani, akaufunga mafundo matatu, akaurudia wa pili kando yake. Walitoka, wakasimama kwenye masinki wakinawa, wazee wawili wasiotazamana.

"Barua nitaisaini kesho," alisema Ambilikile. "Sina namna, ulivunja amri. Lakini zile simu thelathini na nane, nisaidie kuzipiga kabla hujaondoka. Mimi sijui pa kuanzia."

Walianza siku ile ile, ofisini kwake, simu moja kati yao. Wazazi wengine walilia. Mmoja aliwatukana mpaka salio likaisha, akapiga tena akaendelea. Baba mmoja wa Makete alisema mwanawe hana ugonjwa wowote, anapanda milima, na wasimpigie tena, akakata. Gwantwa aliweka alama mbele ya kila jina, na mbele ya jina la mtoto wa Makete hakuweka kitu. Msajili aliuliza kwenye kioo kama afungue tena mafaili yaliyofungwa. Ambilikile alibonyeza ndiyo, akabonyeza tena kila swali lilipojirudia.

Siku ya pili Lugano alizinduka. Hakuweza kuinua uso kwa ajili ya zile nyuzi, kwa hiyo alimwangalia Gwantwa kwa kupandisha macho tu, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza karipio. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

"Daktari, sasa nimepona?"

Tusekile, upande wa pili wa kitanda, aliacha kukunja shuka.

Gwantwa alivuta kiti karibu, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nikijua, nitakwambia. Na nikiona kibaya, nitakwambia vilevile."

Lugano alilifikiria jibu hilo kwa muda. Kisha akafumba macho, akalala.